Tanga Alhamisi

Mume wangu alikuwa seremala wa milango, na bahari ilimlevya hata akiwa amesimama gatini. Nalisema hili mwanzo ili ijulikane kwa nini nilianza kumshuku. Mwaka tuliooana tulikwenda Pemba harusini, na tangu tulipong'oa nanga mpaka tulipofika Wete alilala chini ya sitaha, kichwa ndani ya ndoo, akiwaomba radhi watu ambao hakuwahi kuwakosea. Aliporudi Unguja aliapa kwamba hatapanda tena chombo chochote kinachoelea. Tulikaa mtaa wa Malindi mjini, vyumba viwili juu na karakana yake chini, na kwa miaka mingi kiapo chake kilisimama.

Marehemu baba yangu ndiye aliyekuwa mtu wa bahari. Aliacha mashua moja, na katika urithi ikanifikia mimi. Ilikaa pwani ya Funguni imeegemezwa magogo, si mbali na nyumbani, na hakuna aliyeishughulikia. Jua likaipasua. Mbao zilikauka zikaachana hata ukiingiza kidole kinapita, na wapitaji walikuwa wakichomoa misumari kidogo kidogo kwa haja zao. Mimi nilikwenda kuitazama nilipomkumbuka baba, nikarudi zangu kushona kofia. Ilikuwa chombo kilichokufa, nami nilikwisha kukizika moyoni.

Basi mwaka wa pili baada ya Mapinduzi, asubuhi moja tukinywa chai, mume wangu akaniambia, "Mashua ya baba yako inaoza. Nnataka kuitengeneza."

"Ya nini?" nikamwuliza.

"Chombo kizuri kile. Ni dhambi kukiacha."

"Dhambi hiyo umeijua leo?"

Akacheka, akamega mkate. Mimi sikucheka. Siku hizo kutoka kisiwani bila ya ruhusa lilikuwa kosa kubwa, na ruhusa yenyewe ilikuwa shida kupatikana. Walikuwapo waliotoka hivyo hivyo, kwa mashua, wengine kwa ngalawa. Mama yake na kaka yake walikuwa wamekwenda Tanga mwaka wa kwanza, na tangu hapo barua zilikuja chache, naye alizisoma amesimama, kisha akazikunja ndogo sana. Sasa mtu huyu, anayetapika akiona wimbi, ameipenda mashua ghafla. Nilinyanyua vikombe nikaenda kuviosha, na moyo wangu ulikuwa umeshaingia doa.

Lazima niwe mkweli kwamba alikuwa na sababu ya kusema, na aliisema vizuri. Kazi ya milango ilikuwa imekufa. Nani angeagiza mlango wa nakshi wakati ule? Karakanani alikuwa na mbao nzuri za mvule zilizokaa bure, na mikono yake haikuzoea kukaa bure. Alikwenda kwa mwenyekiti wa tawi la chama, akaomba ruhusa ya kutengeneza chombo kwa ajili ya uvuvi, samaki wauzwe mtaani, na mwenyekiti akampa. Kila kitu kilikuwa sawa, na hilo nalo lilinitia wasiwasi. Mume wangu niliyemjua hakuwa mtu wa kupanga mambo yakapangika hivyo.

Alimtafuta mzee mmoja wa Ng'ambo aliyekuwa baharia wa baba. Mzee huyo alijua kukalafati, yaani kushindilia pamba yenye mafuta katikati ya mbao ili maji yasipite, na alijua pia kushona tanga. Wawili hao wakawa wanashinda Funguni. Nami nikawa napeleka chakula cha mchana, si kwa huruma, bali nione.

Siku za mwanzo nilipata la kuchekea. Mume wangu aliziranda mbao mpya akazibananisha kama anavyobananisha mlango, hata unywele haupenyi, akarudi nyuma kuitazama kazi yake kwa fahari. Mzee akapitisha ukucha, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, hapa hapana mlango," akamwambia. "Nafasi ya pamba umeiacha wapi? Na mbao zikinywa maji zikavimba, zitakwenda wapi? Zitasukumana mpaka zing'oe misumari."

Ikabidi azing'oe zote aanze upya. Nilidhani atakasirika na kuacha. Hakuacha. Alikaa chini mbele ya mzee yule akauliza maswali, yeye asiyependa kufundishwa na mtu, na kila jioni alirudi na jambo jipya alilolijua. Alijua kwamba chombo kilichokaa juu kikikauka lazima kimwagiwe maji ya bahari kwa ndani kila siku, mbao zikumbuke. Alijua kupaka sifa, yale mafuta ya maini ya papa yanayozuia mbao zisioze, ambayo mzee aliyatoa kwa jamaa zake wa Jambiani, debe zima. Nyumba yangu ilinuka sifa tangu ngazi hadi mto wa kulalia. Shoga zangu wakanitania kwamba nimeolewa na papa.

Mimi binti wa nahodha nilikuwa na sikio. Unapokalafati, nyundo ya mti inalia. Mahali penye pamba haba inalia wazi, mahali palipojaa inalia kwa uzito. Kila nilipokwenda na sufuria yangu nilisimama mbali kidogo nikasikiliza, na wiki baada ya wiki mlio ulikuwa unakuwa mzito. Mashua ya baba ilikuwa inafufuka. Nilifurahi, na dakika hiyo hiyo nikajiuliza inafufuliwa iende wapi.

Halafu akaanza kumchukua mtoto. Tulikuwa na binti mmoja, wa miaka minne, na mimi sikuwa na mwingine na sikumpata mwingine. Alasiri alimshika mkono akenda naye Funguni, akamweka ndani ya mashua wakati maji yamejaa na imeanza kuyumba juu ya magogo. Siku moja mtoto alirudi akaniambia, "Baba kasema bahari haitishi. Kasema mtu akilala haisikii."

Nilikuwa namvua viatu. Niliendelea kumvua viatu. Lakini tangu siku ile nilijua ninachokiogopa, na nilikijua kwa maneno yake kamili: mume wangu atakwenda kwa mama yake Tanga, atamchukua mwanangu, na mimi nitabaki Malindi na kofia zangu. Kwa nini anibakishe mimi? Kwa sababu hakuniambia kitu. Mtu anayetaka kusafiri nawe hukwambia ufungashe. Hoja yangu ilikuwa nyepesi hivyo, na kila siku aliyonyamaza niliiona inazidi kuwa nzito.

Nikaanza upekuzi. Mshona kofia amezoea kuhesabu vitundu, na mimi nilimhesabia mume wangu kila kitu. Niliona ametia kipande cha mti kwenye tezi, nyuma kabisa, chini ya kiti cha nahodha, akafanya kijikabati chenye kitasa. Nani ameona mashua yenye kitasa? Niliona anamwuliza mzee habari za mkondo wa maji, kisha akiniona anauliza habari za pamba. Nilinusa mashati yake na kupekua mifuko yake. Sioni haya kusema, maana siku zile nani hakupekua? Jirani yangu wa mlango wa pili, tuliyekuwa tukiazimana chumvi na kusukana nywele, alikuwa amepata kazi ya tawi, na kazi yenyewe ilikuwa kujua nani amelala wapi. Tulizidi kuazimana chumvi, lakini kila mmoja alipima maneno kabla ya kuyatoa.

Jumanne ilikuwa siku yangu ya kufua. Nilichukua shati lake la kazi msumarini, nikatia mkono mfukoni kama desturi, nikatoa kipande cha karatasi. Kilikuwa kimeandikwa kwa penseli ya seremala, herufi kubwa kubwa anazoandikia mbao: TANGA ALHAMISI.

Maneno mawili tu. Mume wangu hakuwa mwandishi. Akiwa na ujumbe wa mzee aliupeleka kwa mdomo, na kalamu yake ilijua vipimo tu. Nililitambua hilo pale pale, lakini sikulifikiria. Nilikaa juu ya beseni lililopinduliwa. Mtu mwingine, mtu mwenye moyo mtulivu, angesoma kwamba tanga la mashua litakuwa tayari Alhamisi. Mimi nilisoma mji wa Tanga. Niliuona na gati yake, na mwanangu ameshikwa mkono anateremka.

Ningeweza kumwuliza. Nimejihukumu kwa hilo miaka mingi, na kila nikijihukumu narudi pale pale: nilidhani nikimwuliza atakana, na akishakana ataondoka Jumatano. Nililirudisha shati msumarini bila ya kulifua, na karatasi mfukoni mwake. Alipoingia alikula, akamchezesha mtoto, akalala. Nilimchukia alivyolala fofofo.

Kesho yake asubuhi jirani akaja kuomba kibiriti.

"Mbona uso umekushuka, shoga?" akaniuliza.

"Mwulize mwenye mashua," nikasema. "Kesho Alhamisi atakuwa Tanga."

Nililisema kwa hasira, kama mke anayemsema mumewe kwa jirani, na dhahiri yake ilikuwa hiyo. Lakini nilijua ninayemwambia ni nani. Alisimama kidogo, akakitazama kibiriti mkononi, akatoka bila ya kusema ahsante. Ningeweza kumwita kabla hajafika ngazini. Sikutaka mume wangu afungwe, Mungu shahidi. Nilitaka awepo mtu wa kusimama katikati ya mwanangu na bahari, na mimi peke yangu sikujiona natosha.

Alhamisi nilimzuia mtoto ndani, nikasema ana homa. Baba yake alimgusa shavu, ambalo halikuwa na joto lolote, akanitazama, akaenda zake. Baada ya sala ya alasiri nilimwacha mtoto kwa mama mdogo, nikajitia buibui, nikaenda kusimama Funguni nyuma ya mafungu ya boriti.

Mashua ilikuwa majini. Sikuwa nimeiona hivyo tangu baba alipokuwa hai. Mbao mpya za mvule zilikuwa zimeshika rangi moja na za zamani kwa ile sifa, mlingoti umesimama, na usukani aliouchonga mwenyewe umekaa mahali pake. Alikuwa peke yake ndani, anafunga kamba. Hapana mzigo, hapana tenga la chakula, hapana hata blanketi. Nilitafuta kwa macho na sikuona kitu.

Kisha likaja gari la hamali kutoka upande wa Ng'ambo, mzee akitembea nyuma yake, na juu ya gari kuna tanga. Tanga la chombo, limekunjwa, jipya kwa nusu na kuukuu kwa nusu, maana nguo wakati ule ilikuwa ya foleni na mzee alilishona kwa vipande vya tanga la baba na magunia ya unga. Nilishika boriti kwa mikono miwili. Nikataka kupiga mbio niwazuie wale niliowaleta, lakini walikwisha kufika, mwenyekiti wa tawi na vijana wawili.

"Ndugu, tumesikia leo ni Tanga," mwenyekiti akasema.

"Naam, leo ni tanga," mume wangu akajibu, akaonyesha garini.

Mwenyekiti akalitazama lile tanga, akamtazama mzee. "Kuna Tanga ya bara," akasema polepole, "kuna mtaa wa Mwembetanga, kuna tanga la chombo, na kuna matanga ya maiti. Na yote yananiletea kazi mimi."

Vijana wakacheka, na mzee akacheka, akalikunjua tanga kuonyesha mahali maandishi ya gunia yalipokuwa bado yanasomeka. Hata mwenyekiti alitabasamu. Nilianza kupumua. Lakini mtu yule hakuwa mjinga. Aliuzunguka mlingoti kwa macho, akapanda mashuani, akakanyaga sakafu, akainama akapapasa mbao chini kama zina maji. Zilikuwa kavu.

"Mlingoti upo, tanga lipo, na hakivuji," akasema. "Kimebakisha nini?"

"Kuvua, ndugu mwenyekiti."

"Kimebakisha kuondoka," mwenyekiti akasema. "Usukani utakaa tawini mpaka itakapoamriwa vyengine."

Mume wangu aliung'oa mwenyewe. Aliuinua kutoka bawabani, akawapa vijana, na wao wakaubeba begani kuelekea mjini. Alibaki amesimama mikono mitupu. Halafu akageuza uso kuelekea mafungu ya boriti, akakaa hivyo kidogo, na mimi nikaondoka kwa haraka nikapitia vichochoro.

Jioni ile hakuniuliza kitu. Sikumwambia kitu. Ndivyo tulivyoishi miaka sita.

Mashua isiyo na usukani ilivutwa tena juu ya magogo. Nilidhani sasa ataiacha. Badala yake aliitunza kuliko alivyomtunza mtu yeyote. Kila siku alikwenda kuimwagia maji ya bahari mbao zisifunguke. Alipopata sifa aliipaka. Pamba ikilegea mahali, alimwita mzee, na mzee alipochoka na uzee, alishindilia mwenyewe, na sikio langu lilisema anashindilia vizuri. Hapakuwa na chombo kizima kama kile pwani nzima ya Funguni, na hakikuwa kikienda popote. Watu waliiita bibi harusi.

Nilimpikia vizuri miaka ile. Nilimshonea kofia ambayo kila aliyeiona aliiulizia. Nilikuwa nimemdhulumu mtu asiye na hatia kwa ujinga wa neno moja, na sikuwa na ujasiri wa kusema. Shaka yangu haikuondoka, ilihama tu. Zamani nilimshuku kuwa atakimbia, sasa nikamshuku kuwa anajua. Akisema mchuzi mtamu, nilijiuliza ana maana gani. Akikaa kimya, nilijiuliza zaidi. Jirani yangu alihamia Mpendae, tukaagana kwa kukumbatiana, na hata yeye hatukulitaja.

Mwaka wa nne ilikuja barua. Mama yake alikuwa amefariki Tanga, na alikwisha kuzikwa wiki tatu kabla barua haijafika. Mume wangu aliteremka karakanani akafunga mlango. Nilimsikia kutoka ngazini akilia, nikakaa ngazini nami nikalia. Sikuingia.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini yule mwenyekiti alihamishwa. Aliyemfuata aliukuta usukani tawini, umewekwa juu ya matofali mawili, watu wanaukalia, akauliza ni wa nini, na baada ya siku chache akatuma tuuchukue. Mume wangu aliusugua, akaupaka sifa, akautia mahali pake. Ulikaa kama umetoka jana.

Asubuhi ya Jumapili tulitoka sisi watatu, kwa ruhusa, tusivuke visiwa vya mbele ya mji. Binti yetu alikuwa na miaka kumi, akakaa omo, mbele kabisa, mguu mmoja majini. Mimi nilishika usukani, maana baba alinifundisha nikiwa mdogo kuliko yeye. Mashua haikuvuja tone. Ilikwenda kwa utii ule ule niliokuwa nikiukumbuka, na nilikuwa na furaha hata nikaona siwezi tena kubeba lile jambo. Mume wangu alikwisha kutapika mara mbili na alikuwa ameegemea mlingoti.

"Ile karatasi nliiona," nikamwambia. "Nlidhani unakwenda Tanga. Aliyesema ni mimi. Nisamehe."

Alijifuta mdomo kwa kiganja. "Najua," akasema. "Shati halikufuliwa."

"Umejua siku ile ile?"

"Karatasi nliitia mfukoni kwa ajili yako. Mzee hajui hata kusoma."

Nilikuwa bado sijafahamu. Akaniambia akitazama maji, kwa sauti ya mgonjwa. Alikuwa anakwenda kweli, si Alhamisi ile, bali mwezi uliofuata, sote watatu, kwa mama yake. Ila aliogopa kuniambia. Aliniona na jirani yangu, chumvi inakwenda, kibiriti kinarudi, na hakujua mimi niko upande gani. Basi akatafuta neno lenye pande mbili. Nikinyamaza, au nikimwuliza, angeniambia yote. Nikisema, watu wa tawi wangekuja wakakuta tanga, wakacheka, wakaenda zao, naye angekuwa ameshajua.

"Usukani sikuuhisabu," akasema.

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Miaka sita nilijiona mwovu, kumbe nilitegewa. Na pale pale nikamwona mama yake, aliyekufa bila ya kumwona mwanawe, na hasira haikupata pa kusimama.

"Ungeniuliza tu," nikamwambia. "Nlikuwa mkeo."

"Na wewe ungeniuliza tu. Nlikuwa mumeo."

Upepo ulikuwa mzuri, na mashua ingeweza kwenda mbali. Binti yetu alikuwa ameutoa mguu majini, anatutazama, mmoja baada ya mwengine. Akauliza kama sasa tunarudi nyumbani, na kila mmoja wetu akamsubiri mwenzake ajibu.